Majoka au sheria ya mirathi? Mataifa matano ya kale ya Westeros na Essos kwenye mizani

Mfalme anayekalia Kiti cha Chuma kule Westeros, bara la kubuniwa katika riwaya za George R. R. Martin zilizozaa tamthilia ya Game of Thrones, hutangazwa kwa cheo kirefu: Mfalme wa Waandal, wa Warhoynar na wa Watu wa Kwanza, Bwana wa Falme Saba na Mlinzi wa Dola. Mataifa yanayotajwa humo ni matatu, na Valyria, dola ya kale ya wenye majoka, haimo. Cha ajabu ni kwamba ukoo wa Targaryen, ulioagiza kiti chenyewe kifuliwe kwa mapanga ya walioshindwa, ulitoka Valyria. Walikuja na majoka matatu, wakazipiga falme zote isipokuwa Dorne, halafu wakajitangaza wafalme wa watu wengine.

Kwa sababu ya cheo hicho siafikiani na jibu ambalo mashabiki wengi hulitoa ukiwauliza ni taifa gani la kale lililoacha alama kubwa zaidi katika ulimwengu aliouumba George R. R. Martin. Kabla hujamaliza swali watakuwa wameshasema Valyria. Ni jibu linaloeleweka, maana Valyria ina majoka, ina mapanga ya ajabu, ina lugha yenye sauti tamu na ina kifo cha kutisha. Ila kuvutia macho ni jambo moja, na kubaki ndani ya maisha ya watu ni jambo jingine.

Ulinganisho huu ni hasa kwa mtu anayejenga ulimwengu wake mwenyewe, awe anaandika riwaya ya fantasia au anaongoza mchezo wa kete mezani na marafiki zake, naye anahitaji taifa lililokufa zamani ambalo kivuli chake bado kinatembea. Martin ametuachia mifano mitano mizuri, na kila mmoja una kazi yake. Kipimo changu ni kimoja. Mwaka wa 300 wa kalenda yao, mtu asiye na joka wala ngome anafanya nini ambacho amekirithi bila kujiuliza kimetoka wapi? Anamwomba nani mkewe akiwa na uchungu wa kuzaa, nani atachukua shamba lake akifa, mgeni akibisha hodi anapewa nini, na akimgombeza mbuzi anatumia lugha gani?

Natumia vitabu, kuanzia kile cha kwanza cha 1996, pamoja na vile vya historia vilivyotoka 2014 na 2018, wala si tamthilia ya televisheni, ambayo iliacha nje mengi ya haya. Kama bado hujavisoma na hupendi kusimuliwa yaliyomo, ishia hapa.

Valyria

Tuanze na mwenye sifa. Valyria ilikaa kwenye rasi ya Essos, bara lililo mashariki ya Westeros, chini ya mlolongo wa volkano ulioitwa Miali Kumi na Nne. Wenyeji walikuwa wachungaji wa kondoo. Wakayakuta majoka milimani, wakajifunza kuyatawala, na tangu hapo jirani zao hawakupata usingizi. Haikuwa na mfalme. Kwa jina, kila mwananchi huru mwenye ardhi alikuwa na sauti. Kwa vitendo, koo zipatazo 40 zenye majoka ndizo zilizoamua mambo, na Targaryen hawakuwa hata karibu na kilele. Binti yao Daenys aliota maangamizi, baba yake akamwamini, ukoo mzima ukahamia kisiwa cha Dragonstone miaka 12 kabla ya volkano zote kulipuka kwa pamoja.

Kilichobaki ni kingi kwa mtu anayetazama. Barabara za mawe yaliyoyeyushwa, nyeusi na zilizonyooka, bado zinapitika. Mji wa Volantis una Kuta Nyeusi zenye kimo cha futi 200, nene kiasi kwamba magari sita ya kukokotwa na farasi wanne wanne yanaweza kushindana mbio sambamba juu yake. Ndani wanaishi wale tu wanaohesabu nasaba yao hadi Valyria. Halafu kuna mapanga. Chuma cha Valyria kilitengenezwa kwa uchawi na moto wa majoka, na hakuna tena anayejua kukitengeneza. Mafundi wachache, kama Tobho Mott aliyejifunza kazi katika mji wa Qohor, wanaweza tu kukifua upya kikiwa kipo tayari. Katika Falme Saba mapanga hayo ni kama 200 hivi. Tywin Lannister, mwenye dhahabu kuliko wote, alijaribu mara nyingi kununua moja kutoka kwa koo zilizofilisika, akanyimwa kila mara. Mabwana wadogo wangemwoza binti zao kwa furaha, lakini upanga wa babu, hapana.

Hoja nzito zaidi ya Valyria ni lugha. Kivalyria cha juu ni lugha ya wasomi na ya watu wa damu ya kale, na kile cha chini kimegawanyika katika Miji Huru tisa ya Essos hadi Tyrion, mwana wa Tywin, anatania kwamba hizo ni lahaja tisa zilizo njiani kuwa lugha tisa. Hata wale waliochomwa na Valyria wanaongea lugha yake. Isitoshe, lugha hiyo imevuka nje ya kurasa: David J. Peterson aliijengea sarufi na msamiati kwa ajili ya televisheni, ikasikika vizuri mwaka 2013, na tangu 2017 Duolingo ina kozi yake. Katika haya mataifa matano hakuna jingine ambalo watu wa dunia yetu wanakaa jioni kujifunza minyambuliko ya vitenzi vyake.

Sasa vuka Bahari Nyembamba uingie Westeros, umtafute mkulima wa Riverlands. Kwake Valyria ni hadithi ya moto na jina la mfalme, basi. Haombi miungu ya Valyria, haoi kwa mila ya Valyria, na hajui neno lake hata moja. Aegon Mshindi mwenyewe, mfalme wa kwanza wa Targaryen, aliliona hilo mapema. Wenye majoka wa kale hawakuwa na desturi ya bendera zenye nembo ya ukoo. Yeye akashona moja, joka jekundu lenye vichwa vitatu, ili mabwana wa Westeros wamwone kuwa mwenzao. Akaingia katika Imani ya Saba, dini ya wengi huko Westeros. Baada ya kutua alivishwa taji na dada zake, lakini kalenda haihesabiwi kuanzia siku hiyo. Inahesabiwa kuanzia siku aliyopakwa mafuta na kuhani mkuu wa imani hiyo katika mji wa Oldtown. Mshindi mwenye joka kubwa kuliko yote aliukubali mwaka wa kwanza kutoka mkononi mwa mzee mwenye chupa ya mafuta.

Mila moja ya Valyria ambayo ukoo huo haukutaka kuiacha, kaka kumwoa dada, ilileta vita na viongozi wa dini kwa miaka. Mwisho mfalme Jaehaerys wa Kwanza akapata suluhisho la kisheria: mafundisho rasmi kwamba kuoana maharimu ni dhambi kwa watu wote isipokuwa Targaryen. Mila inayohitaji msamaha maalumu ili familia moja iendelee nayo haijaingia katika jamii. Imevumiliwa tu.

Kwa hiyo Valyria ni mbili. Huko Essos ina mizizi, na mizizi yenyewe ni lugha, biashara na utumwa. Volantis ina watumwa watano kwa kila mtu huru. Westeros ina taji na mapanga. Katikati kuna Braavos, mji ulioanzishwa na watumwa walioasi kwenye meli za Valyria wakajificha penye ukungu kwa zaidi ya miaka 100. Sheria yao ya kwanza, iliyochongwa kwenye tao juu ya Mfereji Mrefu, inakataza mtu yeyote kuwa mtumwa. Mji huo usingekuwepo bila Valyria, na kila kitu chake kimeelekezwa kinyume cha Valyria. Anayeandika hadithi asiisahau aina hiyo ya urithi, ambapo watu wanajenga maisha yao yote juu ya kile wasichotaka kurudia.

Ghis

Ghis ilikuwa dola kubwa kabla Valyria haijainuka. Walipigana mara tano, na mara tano Ghis ikashindwa. Mwisho mji ukachomwa, kuta za matofali zikabomolewa, mashamba yakamwagiwa chumvi, kiberiti na mafuvu. Hilo lilitokea miaka 5,000 iliyopita kwa hesabu yao, na ungedhani hadithi imekwisha.

Nenda Astapor, Yunkai au Meereen, miji ya Ghuba ya Wauza Watumwa, utawakuta mabwana wanaoapa kwa utukufu wa Ghis. Wanajenga piramidi. Wanavaa tokari, vazi refu linaloshikiliwa kwa mkono mmoja wakati wote, ili kila mtu aone kwamba mvaaji hana kazi ya mikono ya kufanya. Alama yao ni ile ile harpy, kiwiliwili cha mwanamke, mabawa ya popo, miguu ya tai, mkia wa nge. Lakini miungu ya Ghis imekufa, watu wake wamekwisha kwa kuchanganyika, na hata lugha karibu yote imesahaulika. Wanajisifia Ghis kwa Kivalyria kilichopinda.

Kuna jambo dogo ambalo naliona kuwa kazi nzuri kuliko majoka yote. Harpy wa Ghis ya kale alishika radi kwenye kucha zake. Yule wa Astapor ameshika mnyororo wenye pingu zilizo wazi. Mwandishi hakuhitaji sura nzima kueleza jinsi dola ya wapiganaji ilivyogeuka kuwa soko la watu. Alibadilisha kitu kilicho mkononi mwa sanamu, akaendelea na safari.

Ghis ina nguvu kwenye hadithi kwa sababu wanaoidai si warithi wake kwa kweli. Daenerys Targaryen anapovunja utumwa Meereen, wanaoua watu usiku baada ya usiku wanajiita Wana wa Harpy, wakilinda ukale ambao kwa sehemu kubwa wameushona wenyewe. Kwa kipimo cha maisha ya kila siku, Ghis iko chini kabisa. Kwa kuanzisha ugomvi, haiko nyuma ya yeyote.

Waandal

Hawa hawana mashabiki. Hakuna anayenunua fulana ya nyota yenye pembe saba. Na bado, tukihesabu vichwa, wameshinda na hakuna wa kuwakaribia.

Walitoka Andalos, kaskazini magharibi mwa Essos, wakiwa wamechora nyota hiyo kwenye ngozi zao kwa kisu, na wakiwa na silaha za chuma dhidi ya wenyeji wenye shaba nyeusi. Wasomi wengine wanadhani walikuwa wanaikimbia Valyria iliyokuwa ikipanuka. Miaka yenyewe haikubaliwi; mapokeo yanasema 6,000, wengine 4,000, wengine 2,000 tu. Walitua pwani ya Vale, wakashuka kusini, wakaikata miti mitakatifu ya wenyeji, wakaoa binti za wafalme waliowashinda. Kaskazini hawakuingia. Ngome ya Moat Cailin iliwazuia kwenye njia nyembamba ya matope, kila walipojaribu.

Walichoacha ni kila kitu ambacho msomaji anakichukulia kuwa Westeros ya kawaida. Mama anayejifungua anamwita Mama, mmoja wa nyuso saba za Mungu mmoja. Mwanajeshi anamwita Shujaa, fundi anamwita Mhunzi. Wapiganaji wa farasi walioapishwa, wenye cheo cha Ser, wanapakwa mafuta saba. Lugha inayosemwa kutoka Dorne, kusini kabisa, hadi Ukuta wa barafu wa kaskazini ni yao. Hili la lugha lingeweza kumaliza mjadala peke yake, kwa sababu Kaskazini haikutekwa nao hata siku moja, na leo Stark wa Winterfell, mtawala wa Kaskazini, anaomba mbele ya mti wa mababu kwa lugha ya watu walioikata miti hiyo.

Pia ndio walioandika. Watu wa Kwanza walichonga alama kwenye mawe. Makuhani wa Waandal walikuja baadaye wakaziandika habari zao kwa wino. Samwell Tarly, akichimbua maktaba ya Castle Black, ngome ya walinzi wa Ukuta, analalamika kwamba historia hizo zimejaa wafalme waliotawala karne kadhaa na wapiganaji wa Ser waliopanda farasi miaka 1,000 kabla cheo hicho hakijakuwepo. Anayeshika kalamu anaivisha hata historia ya jirani nguo zake mwenyewe.

Kwa nini basi simshauri mwandishi kuanza nao? Kwa sababu urithi wao umeenea mno hadi hauonekani. Ni mfano mzuri wa kusoma, mgumu wa kutumia. Ukitaka msomaji auone, itabidi umpeleke mahali ambapo haukufika.

Warhoynar

Mahali hapo ni Dorne, na hapa nitakaa kidogo.

Rhoyne ni mto mkubwa kuliko yote Essos. Kando yake ilikuwepo miji ya Warhoynar iliyojitawala, Ny Sar, Chroyane, Sar Mell na mingine, yenye wachawi wa maji na wanawake waliosimama sawa na wanaume. Wapo wasomi wanaosema ni wao waliowafundisha Waandal kufua chuma, kwa hiyo hata yule mshindi wa Westeros huenda alikuwa na deni kwao. Valyria ilipoanza kuteremka mtoni na makoloni yake, vita vikafuatana. Katika vita vya mwisho Garin, mtawala wa Chroyane, alikusanya watu 250,000. Nymeria, mtawala wa Ny Sar, alipinga, akasema vita hivyo haviwezi kushindwa. Majoka 300 yakaja. Garin akatundikwa kwenye kizimba cha dhahabu atazame mji wake ukiangamia. Akaomba laana, na mahali hapo leo ni maji, ukungu na watu wanaogeuka mawe kwa ugonjwa wa ngozi.

Nymeria akawapakia waliobaki, wengi wao wanawake, watoto na wazee, kwenye chochote kinachoelea. Wanasema meli 10,000, nami sina shida na chumvi hiyo, maana mashua za uvuvi nazo zilihesabiwa. Walitangatanga miaka, wakajaribu kukaa visiwani na kwenye pwani za joto, wakafa kwa homa na kwa maharamia. Walipofika Dorne, nchi kame yenye wafalme wadogo wanaogombea visima, Nymeria akaolewa na Mors Martell, mmoja wa mabwana wa huko, akazichoma meli zote ili asiwepo wa kuwaza kurudi. Miaka ikapita kwa vita, na wafalme sita akawatuma Ukutani wakiwa na pingu za dhahabu.

Hadithi za wakimbizi kwenye fantasia kwa kawaida huishia hapo, kwenye kupata ardhi. Hii inaanzia hapo. Nymeria hakuleta dola. Dola ilikuwa imeungua. Alileta namna ya kugawa urithi, na akaianza nyumbani kwake. Baada ya Mors kufa aliolewa tena, akazaa mtoto wa kiume na Davos Dayne. Alipokufa yeye, aliyemrithi alikuwa binti yake mkubwa wa Martell. Tangu hapo Dorne mtoto wa kwanza ndiye mrithi, awe wa kiume au wa kike, na mtawala anaitwa mwana wa mfalme au binti mfalme kwa mila ya Rhoyne, kamwe si mfalme.

Sheria hiyo haikubaki ya mapambo. Katika vitabu, karne nyingi baadaye, Arianne Martell, binti wa Doran mtawala wa Dorne, anapanga kumvisha binti mfalme Myrcella taji la Falme Saba badala ya Tommen, mdogo wake Myrcella, na hoja yake yote ni hiyo: kwa sheria ya Dorne msichana ni mkubwa, kiti ni chake. Mpango unaharibika vibaya, lakini angalia kilichouendesha. Hakuna upanga wa ajabu wala unabii, ila kanuni ya mirathi iliyovuka bahari kwenye mashua zinazovuja. Arianne mwenyewe amejaa uchungu kwa sababu anahisi baba yake anataka kumpa mdogo wake wa kiume nafasi yake. Kwingineko Westeros msichana wa namna hiyo asingekuwa na la kulalamikia.

Kuna na joka. Mwaka wa 10 baada ya Aegon kupakwa mafuta, pale ngome ya Hellholt huko Dorne, mshale wa chuma uliorushwa na mtambo ulimpiga joka Meraxes jichoni akaanguka, na malkia Rhaenys, dada yake Aegon, aliyempanda hakurudi. Dorne haikuingia katika Falme Saba hadi mwaka 187, kwa ndoa, ikabakiza sheria zake na vyeo vyake. Wafalme wa Targaryen walikuwa wamejiita wafalme wa Warhoynar kwa takriban karne mbili bila kuwatawala, ukiacha miaka michache tu.

Udhaifu wao ni wazi. Ni eneo moja tu, tena lenye watu wachache kuliko mengine, jambo ambalo Doran Martell analijua na hapendi maadui walijue. Lugha ya Rhoyne imebaki kwa wale wanaoitwa mayatima wa Greenblood, wanaoishi kwenye mashua zilizopakwa rangi, wakisubiri kurudi kwenye mto Rhoyne ambao hawajauona. Kwa eneo, Waandal wanawazidi mbali sana. Ila kwa uzito wa mila moja kuendesha uamuzi wa mtu, kizazi hadi kizazi, sioni wa kulingana nao.

Watu wa Kwanza

Nitawapitia kwa haraka, ingawa wapenzi wa Kaskazini watanuna. Walivuka kutoka Essos wakiwa na shaba nyeusi, miaka 12,000 iliyopita kwa mapokeo, wakapigana na wenyeji wa misituni, wakafanya nao mapatano, na mwisho wakaiabudu miungu ya wale wale waliowapiga. Hapo tayari wana somo: mshindi aliyebadilishwa na mshinde. Ukuta wa futi 700 unahesabiwa kuwa wao. Ned Stark anaposhika upanga mwenyewe kumkata mtoro, anamweleza mwanawe kwamba hiyo ni njia ya Watu wa Kwanza, anayetoa hukumu ndiye aitekeleze.

Alama yao iliyo hai zaidi kwangu ni haki ya mgeni. Ukila mkate na chumvi chini ya paa la mtu, hakuna kati yenu anayeweza kumdhuru mwenzake. Ukoo wa Frey ulipoivunja kwa kuwaua wageni wake kwenye harusi, Westeros nzima ilishtuka, wa miungu ya kale na wa Imani ya Saba. Na tazama Wyman Manderly, bwana mnene wa White Harbor, anayetaka kulipiza kisasi kwa Frey watatu waliolala kwake. Ukoo wake ulitoka kusini na unaabudu Saba. Hata hivyo anasubiri. Anawapa kila mmoja farasi kama zawadi ya kuagana, ili ugeni uishe kwa haki, na baada ya hapo hawaonekani tena. Wageni wa Frey walitoweka njiani. Kwenye karamu ya Winterfell bwana huyo anagawa mikate mitatu mikubwa ya nyama kwa furaha isiyo ya kawaida. Mtu wa imani ya Waandal, kwa kisasi cha aina ile, bado anachunga mpaka uliowekwa na Watu wa Kwanza.

Vita iliyowakutanisha

Kama unataka mahali pamoja pa kuwapima, chukua vita vya majoka vya mwaka 129 hadi 131. Mfalme Viserys wa Kwanza alimtangaza binti yake Rhaenyra kuwa mrithi, mabwana wakala kiapo. Alipokufa, baraza likamtawaza mwanawe wa kiume Aegon kwa hoja kwamba kwa sheria ya Waandal, na ya Watu wa Kwanza pia, mwana hutangulia binti. Majoka yakapandishwa angani pande zote mbili, yakauana, na yaliyosalia yakafifia. La mwisho, dogo na gonjwa, lilikufa mwaka 153.

Rudia polepole. Mali kubwa kuliko zote za Valyria iliteketezwa Westeros kwa mabishano ya mirathi, na hoja iliyowasha moto haikuwa ya Valyria. Kwa sheria ya Dorne kusingekuwa na mabishano: Rhaenyra ndiye mkubwa. Kila ninapobishana na mtu wa Valyria namwelekeza hapa, na bado sijasikia jibu linaloniridhisha, ukiacha lile la kwamba bila majoka vita hivyo vingekuwa vifupi.

Uchukue upi?

Kama kampeni yako ya mezani inahitaji magofu, hazina na kitu ambacho hakiwezi kutengenezwa tena, chukua Valyria, lakini usichukue majoka peke yake. Chukua upanga ambao maskini hauzi. Weka na mji mmoja wa aina ya Braavos, la sivyo dola yako itaonekana kupendwa na kila mtu.

Kama hadithi yako ni ya siasa, watu wanaodai utukufu wa kale ili kulinda mali ya leo, Ghis inakufaa zaidi, na inahitaji kurasa chache. Badilisha kitu kimoja kwenye alama yao kati ya zamani na sasa, usimweleze msomaji sababu.

Waandal wachukue kama msingi wa nyumba nzima pale unapokuwa na subira ya riwaya ndefu: lugha, dini, kalenda, nani anaandika historia. Ukifanya hivyo, panga mapema eneo moja ambalo hawakufika. Watu wa Kwanza wanafaa kuwekwa chini ya hao, kwa mila moja au mbili tu ambazo hata wageni wanaziogopa kuzivunja.

Mwandishi anayeanza, mwenye hadithi fupi au riwaya ya kurasa 200, nitamwambia achukue Warhoynar. Hahitaji ramani kubwa wala lugha ya kubuni. Anahitaji watu waliopoteza kila kitu isipokuwa kanuni moja ya nyumbani, nchi ngeni inayofuata kanuni tofauti, na familia moja, vizazi kumi baadaye, ambayo baba amezeeka na mtoto wake wa kwanza ni msichana mwenye mdogo wa kiume.